Klipu imebadilika spidi yenyewe? Pima kwanza, softwea utailaumu baadaye

Hakuna klipu hubadilisha spidi yenyewe. Najua venye inakaa, umelala bwana harusi akitembea vizuri kwa taimulaini, asubuhi unafungua projekti unapata anaenda mbio kama hoka ameona kanjo, na unaapa hujagusa kitu. Lakini ukichimba utapata ni moja kati ya hizi nne: ama pleya inakudanganya na klipu iko sawa, ama kuna namba ya spidi imeingia kwa klipu kupitia kidole chako au cha mtu mwingine, ama faili inasomwa kwa fremu reti (idadi ya picha kwa sekunde) isiyo yake, ama sauti ndio imeharibika na macho yako yanalaumu picha. Makosa ya watu wengi ni kukimbilia kuinstoli programu upya, ama mbaya zaidi kuvuta klipu kwa jicho mpaka ikae sawa, alafu klipu ya pili inakataa, ya tatu inakataa, unakesha.

Mimi huediti sana ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), harusi na kwaya, mara moja moja tangazo. Natumia Premiere na DaVinci Resolve, na CapCut nikiwa na haraka, kwa hivyo menyu nitakazotaja ni za hizo tatu na nimeziacha kwa Kingereza juu ndivyo utazipata kwa skrini. Kama unatumia programu ingine tafuta kitufe kinachofanana, hesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: hakikisha si pleya

Bonyeza K kusimamisha, alafu cheza na spesi. Hii inasound ni kama utani lakini watu wengi hucheza video na J, K, L, na ukigonga L mara mbili inacheza mara mbili ya spidi yake, ukiongeza inazidi. Klipu haina shida yoyote, ni wewe umekanyaga mafuta.

Ikiwa inaonekana slow na inakwamakwama, angalia sauti. Kama sauti inaenda vizuri na picha ndio inaruka, hio si spidi, hio ni laptopu imechoka. Video ya 4K ya simu ya H.265 kwa mashini ya RAM 8GB itakufanyia hivyo kila siku. Kwa Premiere fungua ile menyu ya spana chini ya skrini ya programu uwashe "Dropped Frame Indicator", taa ikitoka kijani ikawa ya manjano ujue fremu zinaangushwa. Resolve hukuonyesha namba ya fremu juu ya viewer na kadoti kakijani kanageuka kekundu mashini ikibaki nyuma. Punguza playback resolution iende 1/4, ama tengeneza proxy (kopi nyepesi ya video), uendelee na maisha.

Kipimo chenye hakina ubishi ni hiki: weka In na Out (alama za mwanzo na mwisho) kwa sekunde kumi za pale pabaya, ekspoti, fungua kwa VLC, ile pleya ya bure. Ikitoka sawa basi funga hii makala, shida yako ni mashini. Lakini hata VLC yenyewe ikague, juu vitufe vya mabano ya mraba, [ na ], hupunguza na kuongeza spidi yake na wengi huvigusa bila kujua. Bonyeza = irudi kawaida.

Na kama unasikiliza na earphone za bluetooth na midomo imeachana na maneno kidogo, na hio tofauti ni ileile mwanzo mpaka mwisho, toa bluetooth uweke za waya kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: piga hesabu

Hapa ndio kazi iko, na ndio watu huruka. Unataka namba mbili tu. Ya kwanza ni urefu wa faili kabla haijaingia kwa programu, hio unaisoma kwa VLC. Ya pili ni urefu wa klipu hiyohiyo ikiwa nzima kwa taimulaini. Kama ushaikatakata, irudie kutoka kwa bin (folda ya klipu ndani ya programu), iweke nzima kwa taimulaini mpya ya kujaribia. Kama faili yenyewe ni ya masaa, chagua matukio mawili unayoyajua, tuseme MC anagonga maiki na pale keki inakatwa, upime muda kati ya hayo mawili kwa VLC na kwa taimulaini.

Alafu gawanya muda wa taimulaini kwa muda wa faili. Jibu linakutajia mshukiwa.

Sababu ni rahisi. Video ni idadi ya picha. Dakika moja ya fremu 30 kwa sekunde ni picha 1800. Ukiambia programu hizi picha ni za 25 kwa sekunde, itazicheza zote 1800 kwa mwendo wa 25, na 1800 gawa kwa 25 ni sekunde 72. Hakuna picha imeongezwa wala kutolewa, lakini dakika yako imekuwa dakika na sekunde kumi na mbili na bi harusi anatembea akiwa mzito. Kwa hivyo ukipata 1.2, ni faili ya 30 imesomwa kama 25, na ukipata kama 0.83, ni kinyume, faili ya 25 imesomwa kama 30 na dakika imebaki sekunde 50. Ukipata 2 kamili ni 50 imesomwa 25 au 60 imesomwa 30. Ukipata 2.4 ni 60 imesomwa 25. Ukipata 4 ni 100 kwa 25. Ukipata 0.96, yaani dakika imekuwa sekunde 57.6, ni faili ya 24 inachezwa 25, na hii ndio ngumu kuona kwa macho juu watu wanaonekana tu wachangamfu kidogo.

Ukilinganisha sauti iliyorekodiwa kando na ile ya kamera ukapata kitu kama 1.088 ama 0.919, wacha picha kabisa, ruka uende hatua ya 6, hio ni sauti.

Ukipata namba haina kichwa wala miguu, kitu kama 1.1437, hapo hakuna kamera imefanya hivyo. Ni mkono wa binadamu. Nenda hatua ya 3.

Na kama mwanzo wa klipu uko sawa lakini kadri unavyoenda mambo yanaachana, na ukipima kipande cha kwanza unapata jibu moja na kipande cha mwisho jibu lingine, hio ni fremu reti inayopanda na kushuka, hatua ya 5.

Hatua ya 3: tafuta namba ya spidi kwa klipu

Kwa Premiere klipu iliyoguswa spidi huandika asilimia kando ya jina lake pale kwa taimulaini. Zoom mpaka jina lionekane lote, uone kama kuna kitu kama 87.43%. Ikiwa iko, chagua klipu, Ctrl+R, andika 100. Kwa Mac ni Cmd+R. Kabla hujabonyeza OK amua kuhusu "Ripple Edit", juu klipu ikirudi urefu wake itataka nafasi, na usipotiki hapo itakatwa na klipu inayofuata badala ya kuisukuma. Kwa Resolve chagua klipu ubonyeze R, dirisha la spidi linafunguka. Kwa CapCut gonga klipu, "Speed", uangalie sehemu zote mbili, "Normal" na "Curve", sio moja. Mtu anaangalia Normal anapata 1x anashangaa, kumbe Curve ina ile inaitwa Hero ama Montage imekaa hapo tangu atumie templeti, na templeti huja na spidi zake haikuulizi.

Lakini kurudisha 100 tu haitoshi, utataka kujua iliingia aje, ama itarudi. Hizi ndio njia inaingilia.

Ya kwanza na ndio maarufu ni herufi R kwa Premiere. R ni Rate Stretch Tool. Umeshika V (mshale wa kawaida) siku nzima unatrim, kidole kinateleza kwa R, unavuta mwisho wa klipu ukidhani unakata, kumbe unainyoosha. Klipu ikifupishwa hivyo inakimbia, ikirefushwa inazubaa, na sura ya kazi kwa taimulaini ni ileile kama umetrim. Angalia umbo la mshale kabla hujavuta, ndio hio tu.

Ya pili wengi hawaijui. Umeweka In na Out kwa klipu kule Source, na kuna In na Out zingine zimebaki kwa taimulaini tangu ile siku uliekspoti kipande. Ukiingiza klipu na urefu haulingani, Premiere inaleta dirisha linaitwa "Fit Clip", na chaguo mojawapo ni kubadilisha spidi ya klipu ijaze ile nafasi. Ukibonyeza OK kwa haraka, imeenda. Mbaya zaidi pale chini kuna katiki ka kusema itumie chaguo hilo kila mara, ukikatiki hutaulizwa tena, kuanzia hapo kila klipu unayoingiza na alama nne inanyooshwa kimyakimya. Futa In na Out za taimulaini kwa "Clear In and Out". Kwa Resolve ndugu yake anaitwa "Fit to Fill", anakaa kwa ile menyu inayotokea ukiburuta klipu juu ya viewer, ukiiachilia mahali sipo.

Ya tatu ni Paste Attributes. Unakopi rangi kutoka klipu moja, unabandika kwa zingine thelathini, na lile dirisha lina kisanduku cha "Time Remapping" kwa Premiere ama "Retime Effects" kwa Resolve. Kikiwa kimetikiwa umegawa slow motion kwa kila mtu. Na hapa asilimia pale kando ya jina inaweza isikuonyeshe kitu, kwa hivyo bonyeza kulia kale kaalama ka fx kwa klipu, chagua Time Remapping, Speed, uone kama ule mstari uko tambarare. Ukiwa na mlima hapo ndio mchawi.

Ya nne, nest, yaani klipu kadhaa zimefungwa pamoja zikakaa kama moja. Umepunguza klipu iwe 50%, baadaye ukainest na zingine, alafu mtu akapunguza nest yenyewe 50%. Hizo zinazidishwa, unapata 25%, na ukiangalia nest utaona 50 tu. Ingia ndani ya kila nest ukague.

Kitu kimoja hapa kinachanganya: kile kisanduku cha "Maintain Audio Pitch". Kikiwa kimetikiwa, mtu akiongezwa spidi kidogo sauti yake haipandi, inabaki nzito vilevile, kwa hivyo usitumie sikio kuamua kama klipu iko 100. Soma namba.

Hatua ya 4: fremu reti ya faili inasomwaje

Kama hakuna namba ya spidi lakini hesabu yako ilitoa 1.2 ama 2 ama 0.96, basi kuna mahali programu imeambiwa faili ni ya fremu fulani na sio.

Kwa Premiere bonyeza kulia klipu kwa Project panel, Modify, Interpret Footage. Inafaa kuwa kwa "Use Frame Rate from File". Ikiwa imeshikwa kwa "Assume this frame rate" na namba imeandikwa, umepata. Kwa Resolve ni Media Pool, bonyeza kulia, Clip Attributes, hapo kwa Video Frame Rate, linganisha na ile MediaInfo inakuambia. MediaInfo ni programu ya bure inayokusomea habari za ndani za faili, idanlodi leo, ni ndogo na itakuokolea ugomvi mwingi na watu wa kamera.

Hapa lazima nieleze tofauti moja juu ndio mzizi wa hii maneno yote. Ukiweka klipu ya 30 kwa taimulaini ya 25, programu haibadilishi spidi. Inatoa fremu kadhaa ili sekunde ibaki sekunde, mwendo unaweza kuwa na kigugumizi kidogo hasa kamera ikipan, lakini muda hauguswi. Interpret ni kitu kingine kabisa, hapo unaiambia isome picha zote kwa mwendo mwingine, na muda lazima ubadilike. Kwa hivyo kuchanganya kamera ya 25 na ya 29.97 kwa harusi moja haiwezi kukupatia spidi mbaya peke yake. Kama umepata spidi mbaya, kuna mtu ali-interpret.

Na mtu huyo huwa ana sababu nzuri. Alitaka slow motion ya ile klipu ya nguo ikipepea pale Karura, ilishutiwa 100, akaisoma kama 25, ikatoka tamu. Shida ni kwamba interpret inashika faili yenyewe, sio kile kipande kwa taimulaini, kwa hivyo kila mahali hio faili imetumika, hata kwa taimulaini ya ndugu yake, inabadilika, na kwa Premiere sauti inaburutwa nayo. Ndio maana unalala ikiwa sawa unaamka imebadilika kama mnashare projekti. Suluhisho: rudisha faili kwa fremu reti yake, alafu slow ifanye kwa klipu na namba ya spidi. 100 kwa taimulaini ya 25 ni 25%, 50 ni 50%, 60 ni 41.67%, 120 ni 20.83%. Ukishikilia hizo, kila picha inatumika mara moja na haitetemeki. Ama ukitaka lazima kuinterpret, dupliketi ile klipu kwa bin kwanza, uguse hio kopi.

Kuna pia faili zinakuja slow tayari. Kamera za Sony ziko na mode inaitwa S&Q, inashuti 100 inahifadhi 25, unapata faili ya 25 yenye mambo yanaenda robo spidi na haina sauti. MediaInfo itakuambia 25 na itakuwa inasema ukweli. Usiipunguze tena. Ukitaka mwendo wa kawaida iongeze 400%. Slo-mo ya iPhone ni kinyume, kwa simu unaiona slow pale katikati, lakini ukitoa faili ya asili kwa kompyuta inaweza kuja ikienda kawaida na fremu 120 ama 240, juu ule uslow ni maagizo simu imehifadhi kando ya video. Klayanti atakuambia umeharibu. Hujaharibu, iweke slow mwenyewe.

Mambo ya Resolve: taimulaini ikishaingia klipu, fremu reti yake inafungwa, na klipu ya kwanza ikija na fremu tofauti inakuuliza kama ubadilishe projekti ifuate klipu. Watu hubonyeza "Change" bila kusoma, na klipu ya kwanza kabisa ikiwa ni video ya WhatsApp ya shosh, projekti yote ya harusi inafuata shosh. Tengeneza taimulaini mpya, toa tiki kwa "Use Project Settings", weka 25, ukopi kazi yako uihamishie hapo, alafu ukague mikato juu inaweza kusonga fremu moja mbili.

Hatua ya 5: video za simu

Simu nyingi hazirekodi fremu sawa kila sekunde. Kukiwa na giza inapunguza fremu ili ipate mwangaza, ikipata joto inapunguza, kukiwa na jua inarudi. iPhone hata ina setting yake inaitwa Auto FPS kwa ajili ya hio ya giza. Rekodi za skrini na za mikutano ya Zoom ni vilevile. Faili inasema 29.8 na hio ni wastani tu. Programu ya kuediti ikichukua huo wastani kama sheria, mahali fremu zilikuwa chache panakimbia na mahali zilikuwa nyingi panazubaa, na sauti, yenye haijali fremu, inaenda zake. Kwa ngurario, ile harusi ya kitamaduni ya Wakikuyu, utaiona hivi: mchana pale nje mambo yako sawa, wazee wakiingia kwa nyumba yenye balbu moja maneno yanaanza kuachana na midomo, na kufika wakati wa kukata kiande, lile bega la mbuzi, kisu kilishashuka kitambo na kigelegele bado hakijafika.

Fungua MediaInfo, angalia "Frame rate mode". Ikisema Variable, ndio hio. Premiere pia itakuambia ukibonyeza kulia klipu ukaenda Properties.

Usijaribu kurekebisha hii ndani ya taimulaini. Utakata sauti vipande arobaini na bado. Badilisha faili iwe constant kabla ya kuingiza. HandBrake ni ya bure: fungua faili, nenda tabu ya Video, kwa Framerate chagua 30 kama simu ilikuwa kwa 30, alafu hapo chini, na hapa ndio watu wanapotea, chagua "Constant Framerate". Preset inayokuja nayo huwa imewekwa "Peak Framerate", na hio bado inaruhusu fremu kupungua, kwa hivyo ukibonyeza Start bila kuigusa umesubiri nusu saa bure. Quality weka RF 18 hivi. Angalia pia tabu ya Dimensions, kama video ni ya 4K isikushushie 1080 kimyakimya.

Ukiwa na faili nyingi na hauogopi ile skrini nyeusi, ffmpeg inafanya kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i ruracio.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -ar 48000 ruracio_30.mp4

Usiandike 25 hapo ati kwa sababu taimulaini yako ni 25. Weka namba iliyo karibu na ya simu, taimulaini itajipanga yenyewe kama nilivyosema hatua ya 4.

Kama ushaediti nusu ya kazi na faili mbaya, usilie. Badilisha faili, alafu kwa Premiere bonyeza kulia ile ya zamani, "Replace Footage", uchague mpya. Mikato yako itabaki lakini pitia kila mmoja, juu pale awali ulikuwa unakata kwa picha iliyokuwa inakudanganya.

Hatua ya 6: sauti

Kanisa moja ya Eastlands ilinipea nyimbo za kwaya, video ya kamera na WAV kutoka kwa mixa yao. Nikatuma kionjo. Mzee wa kwaya akapiga: "Kijana wangu, hawa watoto wa soprano mbona wanaimba wakisinzia?" Nikamwambia shikamoo mzee, nitaangalia. Nyimbo ya dakika 4 kwa kamera ilikuwa dakika 4 na sekunde 21 kwa ile WAV. Gawanya, 1.088. Hio ni 48000 gawa kwa 44100, haina siri. Sauti ilirekodiwa 48000 kwa sekunde, mahali fulani faili ikaandikwa ni 44100, ikawa inachezwa polepole na imeshuka chini karibu robo tatu ya toni. Kinyume chake, 0.919, kila mtu anaongea kama katuni.

Programu za kuediti zinajua kubadilisha 44100 iwe 48000 bila kuharibu, kwa hivyo ukiona hii, faili iliharibiwa kabla ikufikie. Fungua kwa Audacity, bonyeza jina la traki, tafuta "Rate", uweke 48000 badala ya 44100. Sikiliza. Ikiwa sawa ekspoti WAV ya 48000. Hio ndio ilirudisha soprano macho.

Kuna ingine ndogo na inasumbua kwa kazi ndefu: 29.97 dhidi ya 30. Tofauti ni moja kwa elfu, kwa nyimbo ya dakika tatu ni chini ya robo sekunde, kwa ibada ya saa moja ni sekunde 3.6 na pasta anafungua mdomo maneno yameshapita. Usikate sauti, ipe spidi ya 99.9% ama 100.1% kulingana na inaelekea wapi, na uhakikishe kwa mwisho wa faili, sio mwanzo.

Hatua ya 7: takataka za zamani

Umerekebisha na bado unaona mambo ya jana? Futa rendering iliyobaki. Premiere ni Sequence, Delete Render Files. Resolve ni Playback, Delete Render Cache, All. Zima proxy uangalie klipu ya asili, ikiwa klipu iko sawa bila proxy na mbaya na proxy, tengeneza proxy upya na fremu reti ileile ya faili. Basi.

Kama shughuli bado haijashutiwa

Umeme wetu ni 50Hz, kwa hivyo shuti 25 ama 50 na shata 1/50 ama 1/100, taa za ukumbi hazitapepesa na taimulaini yako itakuwa 25 ya moja kwa moja. Kamera za mtumba zilizotoka Marekani au Japani unazonunua tauni zinaweza kuwa zimekaa kwa NTSC (mfumo wa fremu 30 na 60), ingia menyu uweke PAL (wa 25 na 50), alafu ujaribu klipu moja uisome kwa MediaInfo kabla siku ya kazi, sio asubuhi yake. Simu ikitumika kama kamera ya tatu zima Auto FPS, ama tumia app yenye inashikilia fremu mahali pamoja. Kila kamera na rekoda ipigiwe kofi moja mwanzo na lingine mwisho, hilo la mwisho ndio litakuonyesha kama kuna kitu kilitambaa.

Na yule jamaa wa kamera ya pili mwambie namba na mdomo wako, 25, shata 50, sauti 48000, na faili akuletee na flash ama hard disk. Kama lazima itumwe WhatsApp aitume kama document, ikitumwa kama video inakandamizwa na utaanza kuisoma MediaInfo upya.